Firigisi ya Mbika

Jumapili, jioni. Mvua ya asubuhi imeshaondoka, jua limerudi na barabara za mtaa wetu wa Tshopo zinatoa mvuke. Umeme upo, sijui mpaka saa ngapi, kwa hiyo naandika haraka.

Nimeshinda.

Acha nianze na neno hilo, maana tangu nitoke kwa wazazi nimelisema peke yangu njia nzima, mpaka mwenye pikipiki akafikiri naongea na simu. Nimeshinda! Mikono inanuka moshi, kitenge changu kipya kina doa la mawese lisilotoka hata kwa maombi, mgongo unauma, na mimi nimekaa hapa mbele ya cherehani nacheka kama mwendawazimu.

Mnaonisoma siku zote mnajua habari ya mguu wa papa. Kwa wageni: papa, yaani baba yangu, ni mzee wa reli. Amezeekea kwenye garimoshi la Ubundu, na mwaka huu ameshikwa na goutte, yaani jongo. Kidole gumba cha mguu kinavimba na kuwaka moto, hata shuka likikigusa analia. Papa huyu sikuwahi kumwona akilia hata siku tulipomzika mama yake. Daktari akamwambia apunguze nyama, apunguze samaki, na vitu vya tumboni mwa mnyama, yaani maini, figo na firigisi, aviache kabisa.

Apunguze! Papa hajui kupunguza. Alisimama mbele yetu na fimbo yake akasema, "Bon. Kama ni kuacha, minaacha byote. Nyama, samaki, hata ndagala. Hakuna mutu ataniona nakula kitu iko na damu." Mama akashika kichwa. Sisi tulidhani ni hasira, itapita. Haikupita.

Basi nikasema nitapika mimi. Kila Jumapili tunakula kwa wazazi, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mama ni mpishi kuliko mimi, lakini kwake sombe, kisamvu chetu, bila samaki si chakula, ni majani tu, alisema mwenyewe. Mimi ni fundi wa nguo. Mteja akiniletea kitambaa pungufu simfukuzi, natafuta mkato mwingine. Ndivyo nilivyoingia jikoni.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Nilipika sombe ya karanga, ikatoka tamu lakini haina roho. Nilinunua nyama ya soya, ile ya mfuko. Tusiizungumzie. Halafu nikagundua kwamba kitu tulichokuwa tunakosa si samaki mwenyewe, ni moshi wake. Nikanunua uyoga, nikautandaza juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikaongeza vipande vya kuni mbichi, nikauacha humo moshini mpaka ukakauka na kuwa mweusi pembeni. Nikautwanga, nikautia ndani ya sombe. Bwana yangu alikula akaanza kumtafuta samaki kwa kijiko chini ya sahani. Hakumpata. Akaongeza sahani nyingine, akaendelea kumtafuta.

Maharagwe ya mawese, mchicha wetu, lengalenga, kwa nyanya chungu, vyote vilinikubali. Donc utamu haukuwa shida tena.

Shida ilikuwa papa.

Papa alikuwa anachukua sahani yake na kwenda nayo barazani, peke yake. Anakula matonge machache, anasema "Aksanti, mutoto yangu" kwa sauti ya mtu anayeaga mgonjwa, na sahani inarudi imejaa. Nilibadilisha chumvi, nikabadilisha mafuta, nikapika lituma, ndizi zilizochemshwa na kupondwa, ambayo angeweza kuila hata usingizini. Sahani inarudi imejaa. Nilimpunguzia suruali ya kanisani kiunoni. Baadaye nikaipunguza tena. Kupunguza suruali ya baba yako, ukiwa unashika tepu kwenye kiuno kile kile ulichokuwa unaning'inia utotoni, ni kazi isiyo na faida. Usiombe.

Jumapili iliyopita akatangaza. Mdogo wake, Tonton Kasongo, ataleta kuku. "Nitamukula. Muguu ikitaka kuvimba, ivimbe. Mi nimechoka." Wote tulikumbuka alivyolala mara ya mwisho, na daktari alivyotuambia kwamba figo zake hazitaki mchezo. Papa akirudia kuku atarudia vyote, namjua. Yeye ni mtu wa vyote au hakuna.

Nilirudi nyumbani nikalia juu ya kitambaa cha mteja.

Siku iliyofuata nikampigia simu Faustin, mdogo wangu anayeishi Kindu, ili angalau nilie na mtu. Nikamsomea vyakula vyote nilivyopika, kimoja kimoja, kama mwanafunzi anayelalamikia alama zake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Alors, ya papa iko wapi?" Nikamwambia nimekwisha kumtajia, sombe, maharagwe... Akanikatisha. "Hapana, dada Bea. Ile ya kwake. Pahali ya filigisi munamupatia nini?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja ili nisizimeze.

Hapa lazima nieleze. Kwetu kuku akipikwa, firigisi ni ya papa. Mama anaiweka kwenye kisahani cha bati, peke yake, anaisogeza mbele yake. Na papa hakuwa anaila yote. Aliikata katikati, anagonga kisu kwenye kisahani, sisi wote kimya, anatuangalia mmoja mmoja. Nusu moja alimpa aliyefanya jambo zuri juma lile. Siku Faustin alipofaulu mtihani wa État, ule wa kumaliza sekondari, nusu ilikuwa yake. Kwenye simu aliniambia, "Diplome sijui iko wapi. Ile filigisi minaikumbuka mpaka leo." Hata siku isiyo ya kuku mama alitafuta namna: kichwa cha samaki, kipande cha ini, kitu chochote kidogo cha kuweka kwenye kisahani.

Na mimi nilikuwa naweka sufuria katikati ya meza, kila mtu anachota. Papa anachota kama mtoto, kama shemeji, kama jirani aliyepita kusalimia. Nilimshonea koti zuri ajabu nikasahau mikono. Hakuwa na kitu chake, na hakuwa na kitu cha kumpa mtu. Ndiyo maana alikuwa anakwenda barazani!

Mbona sikuliona mwenyewe, mimi ninayeona hata uzi uliopinda? Jibu nalijua, ila sikutaka kuliandika. Nitaliandika.

Firigisi haikunihusu. Msichana haili. Walisema atakuwa kichwa ngumu, atakosa bwana, ataitawala nyumba ya watu. Nilikuwa wa kwanza darasani, nusu ikapita juu ya kichwa changu. Niliposhona sare za shule za wadogo zangu wote kwa mkono, mama akiwa hospitali, nusu ikapita, ikaenda kwa binamu aliyepanda paa kuziba tundu. Kisu kilipogongwa mimi nilikuwa naangalia dari. Nilijifanya sijali.

Nilijali. Nilijali sana.

Bon. Tuendelee na kazi. Juma hili lote nimepambana na mbika, mbegu za boga. Unazisaga ziwe unga, unachanganya na kitunguu, pilipili na maji kidogo, unafunga kwenye majani na kuchemsha kwa mvuke. Inaiva na kushikamana, unaweza kuikata kwa kisu. Kwa kawaida tunaweka nyama au samaki ndani. Mimi niliweka uyoga wangu wa moshi. Lakini firigisi ina ugumu wake, meno lazima yafanye kazi, na mbika yangu ya kwanza ililegea kama uji wa mtoto. Nikapunguza maji. Ikavunjika. Nikachagua mashina ya uyoga, yale magumu ambayo wengine wanatupa, nikayabana katikati ya unga, nikafunga kwa nguvu zangu zote, na ilipoiva nikaiweka juu ya makaa mpaka ngozi ikakaza. Bwana yangu alitafuna, akatafuna, akaniangalia, akasema, "Weh!" Nikajua hapo ndipo.

Leo asubuhi nimefika kwa wazazi kabla ya mvua. Nimefunga mbika za watu wote kwa kamba ya kawaida, na moja ndogo kwa utepe mwekundu kutoka kwenye mabaki ya kazini. Nimempa mama ile ndogo mkononi. Sikumweleza. Aliipima uzito kwenye kiganja, akaniangalia, akaenda kabatini kutafuta kisahani cha bati.

Baada ya kanisa akaingia Tonton Kasongo, kuku kwapani, miguu imefungwa. "Bea, weka maji kwa moto, kuku imefika!" Nikamwambia, "Tonton, ninakuomba, kuku ingoje. Tukimaliza kula, kama papa anaitaka bado, nitachinja mimi mwenyewe." Papa alinisikia kutoka barazani. Nilisema hivyo makusudi. Tonton akacheka, akamweka kuku kwenye kona, akasema kuku haina haraka.

Tukakaa. Lituma, sombe, mbika. Papa akachota kidogo, kama kawaida, akashika fimbo ili ainuke. Mama akatoka jikoni na kusogeza kisahani mbele yake bila neno, vile vile alivyofanya maisha yake yote.

Papa akasimama nusu, hakukaa, hakuondoka. "Hii ni nini?"

"Ni yako," mama akasema, akaenda kukaa.

Papa akakaa.

Alifungua utepe polepole, akaukunja, akauweka mfukoni. Akanusa. Akakata katikati, akatia nusu mdomoni. Ndugu zangu, sijawahi kuangalia taya la mtu namna ile. Akatafuna. Akatafuna tena. Kwenye kona kuku alikuwa analalamika peke yake. Hatimaye papa akameza, akasema, "Pilipili iko kidogo."

Hayo tu! Halafu akavuta bakuli la lituma. Akala. Akala sombe, akaongeza sombe, akaomba ile mbika ya watu wote pia, akamwambia Tonton asogeze kiwiko. Mama alikuwa anaangalia sahani yake mwenyewe ili asimwangalie. Nilidhani ushindi wangu umekamilika hapo, na ungetosha kabisa.

Ndipo akagonga kisu kwenye kisahani.

Watu wazima wenye mvi, tukanyooka kwenye viti kama watoto wa shule. Tonton mwenyewe akafuta mdomo. Nusu ya mbika ilikuwa bado pale. Na mimi, nitasema ukweli, macho yangu yalikuwa yameshakwenda darini. Mazoea.

"Kuya, Bea. Kamata." Akaninyoshea ile nusu.

Sikuinuka. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Papa Bea, banamuke habakulaka filigisi." Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyolelewa, kwamba mwanamke haili firigisi.

Papa akamjibu, "Hii ni mbika. Mbika haiko na sheria hiyo." Mkono bado umenyooka kwangu. "Na hata ingekuwa filigisi..."

Hakumaliza sentensi. Haikuhitaji kumalizwa.

Nimekula mbele yao wote nikilia, machozi na pilipili pamoja, sura yangu sijui ilikuwaje na sitaki kujua. Tonton akapiga makofi. Papa aliniuliza nimewekaje moshi ndani ya kitu ambacho hakijawahi kuogelea, na nilipomweleza habari ya mashina ya uyoga akatikisa kichwa, akasema Jumapili ijayo niongeze pilipili. Jumapili ijayo! Kuku amefunguliwa kamba, anatembea uani kwa mama kama mwenye nyumba. Mama amesema atataga.

Nimempigia Faustin. Nilipomwambia nusu imekwenda kwa nani, nilisikia mikwaruzo, nikadhani mtandao ni mbaya. Kumbe anavuta makamasi.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi ya mteja yeyote, naichukua suruali ya papa ya kanisani. Nilipoipunguza sikukata kitambaa, nilikikunja ndani ya mshono na kukiacha. Kesho naifungua.

Nusu yangu sikuimaliza pale mezani. Nilikula kidogo, iliyobaki nikaifunga kwenye jani na kuja nayo, iko hapa pembeni ya cherehani, bado inanuka moshi. Bwana yangu, aliyebaki nyuma akiongea na Tonton, ndiyo anaingia sasa hivi. Amekula sahani mbili kwa wazazi wangu, nilimwona. Ameliona jani, anauliza kama anaweza kuonja.

Nimemwambia aende kwa papa yake.