Sanduku la Chuma la Kalamu za Baba

Katuba, Lubumbashi
Jumapili, nimetoka misa

Mama yangu mzazi,

Yambo sana. Je, mgongo umekuachilia, au bado unalala ubavu mmoja? Muhogo wa lile shamba la mtoni mmekwisha kuung'oa, au nguruwe wa porini wamewatangulia tena? Huku mvua inanyesha kila mchana. Nyumba haivuji. Wanafunzi wangu ni sitini na wawili mwaka huu, na ubao ni ule ule mmoja.

Mimi ni mzima, lakini si mzima wote. Jino la mbele limevunjika na goti la kushoto limevimba, hata ngazi za kanisa nazipanda kama bibi kizee. Watu wa kwetu Mitwaba wanaofika hapa mjini wameshaanza kuhadithiana, na kila mmoja anaongeza lake. Kwa hiyo naona heri habari uipate kwangu.

Ni habari ya kalamu za baba.

Uliponipa zile kalamu kumi na nne za wino, siku ile tulipomaliza matanga, ulizifunga ndani ya kikwembe chako cha kujifunga kiunoni ukaniambia: «Zitafutie nyumba. Baba yako hakuziacha zilale ovyo hata siku moja.» Nilizipakata mapajani siku tatu juu ya lori. Tulipofika, vifuniko viwili vilikuwa vimepasuka, na ile ya kijani aliyopewa na padri ncha yake ilikuwa imepinda kama mdomo wa kasuku. Nililia. Nikaapa kwamba safari nyingine hazitasafiri hivyo.

Basi Jumamosi, siku nane zilizopita, asubuhi, nilizichukua zote nikaenda kwa Papa Tshibangu. Huyu ni mzee wa Kasai, anashona viatu na mifuko ya ngozi karibu na soko, na ndiye anayewatengenezea walimu wetu mikoba. Nilimwonyesha kalamu. Alizipanga moja moja juu ya meza, akafungua kila kifuniko, akaunusa hata wino. Kisha akaniwekea vitu vitatu mbele yangu: kisanduku cha mbao chenye vijumba vya ndani, alichochonga shemeji yake, mfuko wa ngozi wenye vifuko vyembamba, unaokunjwa kama mkeka na kufungwa kwa kamba, na sanduku la chuma lenye kufuli na mpini, kutoka kwa jirani yake anayechomelea milango.

Cha mbao kilikuwa kifupi, kalamu mbili hazikuingia. Ikabaki kuchagua kati ya ngozi na chuma.

«Mama mwalimu,» akasema, «hii ya ngozi njo nyumba ya stilo. Kila moja inalala mu kitanda yake, haigongane na mwenzake.»

«Na mvua, papa? Na lori ya Mitwaba? Na muntu akiikalia?»

«Chuma iko nguvu inje. Ndani iko wazi. Stilo zitapigana zenyewe kwa zenyewe. Na tena, ukitembea na kintu ya kufuli huku kwetu, bantu bote batasema uko na mali.»

Nilicheka. Nikamweleza habari unayoijua wewe kuliko mimi: jinsi baba alivyozifukia kalamu hizi chini ya mafiga, ndani ya kopo la maziwa ya unga, siku tulipowakimbia wale wenye bunduki. Jinsi tuliporudi tukakuta nyumba ni majivu, shule ni majivu, na baba akapiga magoti akachimba kwa mikono, akatoa kopo limeungua rangi, na kalamu ndani hazina hata alama. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile naamini chuma.

Mzee akanitazama juu ya miwani. «Ile kopo ilikuwa mu udongo, mama. Haikuwa mu mukono ya mwanamuke, mu njia.»

Sikumsikiliza. Nilizifunga kalamu ndani ya kitambaa, nikazilaza ndani ya chuma, nikafunga kufuli, ufunguo nikautundika shingoni pamoja na rozari. Nikatoka nimelishika mpini, kifua mbele, kama karani wa zamani wa reli.

Sikufika hata kwenye kituo cha basi. Mtu alinitokea nyuma, akalivuta sanduku kwa nguvu. Sikuachia. Akanivuta mimi na sanduku pamoja, nikaanguka kifudifudi juu ya ukingo wa mtaro, hapo ndipo jino lilipokwenda. Akakanyaga mkono wangu. Vidole vikafunguka. Alipoanza kukimbia nikainua kichwa, kinywa kimejaa damu, nikapiga kelele neno moja tu:

«Mwizi!»

Mama, wewe hujui neno hili linavyofanya kazi katika mji huu. Huko kwetu ukilia mwizi watu wanatoka nje kutazama. Hapa wanatoka na mawe. Sikuwa nimesimama bado, na tayari barabara nzima ilikuwa inakimbia: wauza mkate, wauza makaa, mafundi wa pikipiki, wanawake wenye watoto mgongoni. Walimkamata mbele ya duka la saruji. Mmoja alimtia ngwala, mwingine akampiga tofali mgongoni alipojaribu kuinuka, na baada ya hapo sikuona tena mtu, niliona migongo na mikono inayopanda na kushuka. Sauti yake ilitoka chini yao. Alikuwa akimwita mama yake.

Sasa nakuambia jambo ambalo wale wanaohadithia hawakuambii, kwa sababu kwao si kitu. Watu waliniona nakuja nachechemea, damu imeshuka hadi kifuani, wakanipisha. «Mwenye mali iko hapa! Mumuache mama naye apige!» Walimshika mikono wakamgeuza uso unielekee. Nilivua kiatu. Nikampiga nacho usoni kwa kisigino. Nikampiga tena. Sijui mara ngapi. Hakuna aliyenilazimisha, mama. Nilikuwa na hasira ya jino, na hasira ya baba kufa, na hasira ya nyumba yetu kuwa majivu, na kila kiatu kilipotua nilisikia nafuu. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini sina jingine.

Nilipochoka, fundi mmoja wa pikipiki, Sylvain, jirani yangu wa mwisho wa avenyu anayenisalimu kila asubuhi ninapokwenda shule, akaliokota sanduku. Akalishika mpini. Akalizungusha juu ya kichwa chake, akamshushia yule mtu kona ya chuma juu ya jicho.

Nilisikia mambo mawili kwa pamoja: mfupa, na kalamu za baba zikigongana ndani.

Akalinyanyua mara ya pili. Nikapiga ukelele, «Wacha!» Hakunisikia, akapiga. Damu ilikuwa kwenye kufuli. Nilipolishika sanduku kwa mikono miwili Sylvain alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekuwa akinifanyia kazi nami namnyang'anya jembe. Wakati huo mtu mwingine alikuwa anavingirisha tairi, na mwanamke anayeuza petroli kwa chupa alikuwa amekwisha kuinama kuchukua chupa.

«Tumuchome! Bote bataelewa!»

Sikujua la kufanya. Nikatoa ufunguo shingoni, nikalifungua sanduku mbele yao, nikamwaga kila kitu chini. Vipande vya kalamu, wino mweusi, wino wa bluu.

«Angalieni! Ni stilo! Ni stilo ya baba yangu! Munachoma muntu kwa sababu ya stilo?»

Wengine walicheka. Mmoja akasema, «Kumbe hata makuta ya kununua mukate haiko,» akaondoka kama mtu aliyetoka kwenye mchezo mbaya wa mpira. Lakini mwenye tairi hakuondoka. «Hata kama ni sindano, mwizi ni mwizi. Toka, mama.»

Basi nikalala juu yake. Sikufikiri, nilijitupa tu, tumbo langu juu ya mgongo wake, na nikamsikia anapumua kwa mlio kama mfuko uliotoboka. Petroli ilinimwagikia begani. Nikasema, «Muniunguze na miye. Mukawaambie batoto ba masomo nani alimuua mwalimu wabo.»

Papa Tshibangu ndiye aliyemaliza. Alikuja amevaa aproni yake, na kile kisu cha kukatia ngozi mkononi, akasimama kati ya kiberiti na sisi. Hakupaza sauti. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa maana viatu vyao vyote ameshona yeye. «Weye, Sylvain, mutoto wa Mama Alphonsine. Weye, Dieudonné. Mubanze na miye, muniunguze miye kwanza.» Akaendelea kutaja majina mpaka kiberiti kikarudi mfukoni. Tukampakia yule mtu juu ya mkokoteni wa magunia, tukamsukuma sisi wawili hadi hospitali, mzee mbele, mimi nyuma, mguu mmoja bila kiatu.

Anaitwa Mwamba. Ana miaka ishirini na sita. Alikuwa mchimbaji, shimo likawaangukia, tangu hapo kazi hana. Jicho la kulia limekwenda. Mbavu tatu zimevunjika. Siku ya pili nilimpelekea chakula, bukari na sombe, akanitambua kwa sauti maana uso wake ulikuwa umevimba hata macho yamefunga.

«Mama,» akaniuliza, «mule mu sanduku mulikuwa nini?»

«Stilo za wino. Za baba yangu.»

«Stilo tu?»

«Stilo tu.»

Alianza kucheka, mbavu zikamkata, kicheko kikageuka kilio. Mke wake, Mado, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na mtoto. Alikuwa hajajua mimi ni nani. Aliinuka. «Njo weye ulilia mwizi?» Nikasema ni mimi. Akanizaba kofi mbele ya wagonjwa wote, upande ule ule wa jino. Sikuinua mkono. Nikaiacha sahani nikaondoka.

Jumatano polisi waliniita niandike mashtaka. Ofisa alinipa karatasi. Nikaandika kwamba Mwamba alininyang'anya sanduku, ndiyo, na kwamba mkono wangu aliukanyaga. Kisha nikaandika yaliyofuata. Ofisa alikuwa ameniambia nikiwajua waliompiga niwataje. Nikamtaja mmoja, jina kamili, kazi, na anwani.

Akasoma. «Mama, weye iko na akili? Hii ni jina yako.»

«Njo yangu.»

«Na bengine?»

«Bengine bataandika bo benyewe.»

Akasema hawezi kupokea karatasi ya namna hiyo bila mkubwa wake, nirudi Alhamisi ijayo. Sijui watanifanya nini. Mkurugenzi wa shule amekwisha kusikia na hajanisemesha. Sylvain hanisalimu tena, wala wauza mkate. Wengine, na hao ndio wananiumiza zaidi, wananishika mkono njiani kunisifu: «Mama mwalimu, uliwaonyesha wezi!»

Kalamu saba ni nzima. Saba zimekwisha, na ile ya kijani ni kati ya hizo. Nisamehe. Papa Tshibangu amezichukua zile nzima akaziweka kwenye mfuko wa ngozi, bila kuniuliza. Zikae kwake kwanza. Barua hii nimeiandika kwa bic ya dukani.

Ile karatasi nilirudi nayo nyumbani, nikainakili. Jana nilimpelekea Mado nakala. Amesoma mpaka mwaka wa nne tu, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye jina langu alirudi nyuma akasoma tena. Akaikunja, akaitia kwenye kikwembe chake kifuani. Kisha akamvuta mtoto upande wake, akaniachia nafasi kwenye mkeka.

Nilikaa pale hadi jioni.

Nisalimie mjomba wangu katekista, umwambie amtaje Mwamba kwenye sala, hasa jicho lililobaki, maana daktari anasema linafifia. Msalimie mdogo wangu Kalenga na mke wake. Nimesikia huyo mke amejifungua salama, nampongeza. Mkumbuke kwa jina langu shangazi anayekuchotea maji. Wajukuu wako uwape mkono wote, mmoja mmoja.

Na wewe, mama, ukiwa na hasira nami, andika hasira hiyo, nitaipokea. Usinyamaze tu.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Febronia