Fundi Aliyefunga Mulango

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Baraka, kando ya ziwa, tunakusalimia, ila mudogo wako anahara tena. Umeniuliza kama ni vibaya kusaini karatasi ili shemeji ya shefu wako wa kazi aingie kwa bureau yenu, ofisi ya serikali, kama mushauri wa inje. Tangu hapo mi silali.

Nilipokuwa kijana, nikitumika kazi kwa mashini ya serikali ya kuvuta maji, shefu alituletea fundi wa mbali, rafiki yake. Alitengeneza vizuri, lakini alifunga mulango. Sisi tulisikia nyundo tu. Kila ilipoharibika, tulimuita tena.

Muulize huyo shemeji: "Baba, utatumika mulango wazi, batu ba bureau bakuone na bajifunze?" Akikasirika, acha kalamu mezani.

Fundi wetu alikufa. Mashini iko palepale, imeharibika, hakuna anayejua kuitengeneza, na mama yako anachota maji kwa ziwa.

Koko yako