Kompyuta ya Marehemu Kaka

Nyumbani,
Chumba cha uani.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikukute mzima, na zikukute umekula. Je, kifua bado kinakusumbua kwa baridi ya huko? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo asubuhi, kisha anachangamka.

Najua utakaporudi utaingia moja kwa moja chumbani kwa marehemu kaka na kuiulizia kompyuta yake. Heri uyasikie kwangu.

Tangu tumzike, mashine ile ilikuwa ikijiwasha. Mchana kweupe, hasa umeme ukikatika ukarudi, feni inaanza kuvuma, kioo kinang'aa, na chumbani hamna mtu. Mara ya kwanza niliangusha sufuria. Mama hakushtuka. Alikwenda akafungua pazia, mwanga uingie, kama alivyokuwa akimfungulia kaka kazini, akarudi jikoni. Ikawa ndiyo kazi yake. Mimi niliyerithi kazi ya kaka ya kupanga kurasa za vitabu vya shule, nilikuwa nakaa pale mwili ukinisisimka.

Kisha ikaanza kuzimika katikati ya kazi. Nikaipeleka kwa Miwani, yule fundi aliyesoma na kaka. Mama akang'ang'ania kuja. Miwani akaifungua ubavuni, akatuonyesha mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba viungo vyote. Vikopo vyake vidogo vilikuwa vimevimba.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikiiwasha," akasema. "Ni ugonjwa wa siku nyingi."

"Mbona kaka alipokuwa hai haikujiwasha?"

"Kwani alikuwa anaizima lini, dada?"

Mama aligeuza uso.

Njia zilikuwa mbili, na mfuko wetu unaujua. Ya kwanza, mazabodi iliyotumika, inayokubali prosesa ileile ya kaka, ule ubongo wa mashine, na vijiti vyake vya kumbukumbu. Bei ya kutupa, lakini ndiyo mwisho wa njia: miaka miwili mitatu mbele, hakuna prosesa bora zaidi itakayoingia pale. Ya pili, mazabodi ya kizazi kipya isiyo na madoido, na prosesa ndogo juu yake. Kumbukumbu nazo lazima ziwe mpya, inauma, ila tukijaliwa baadaye tutabadilisha prosesa tu, ubao ubaki.

"Rahisi ghali," Miwani akanionya.

Hata hivyo mimi nilitaka ile ya kwanza, wala si kwa bei. Nilitaka kitu chake kibaki ndani. Nilikuwa nafungua mdomo kusema, Mama akanitangulia.

"Hiyo kuukuu, nayo itakuwa inajiwasha?"

"Hapana, mama," Miwani akacheka. "Ikijiwasha nirudishie, nitakubadilishia bure." Masikini, alidhani anamtuliza.

Mama akajifunga upya kanga yake. "Basi chukueni mpya," akasema. "Kama haji, haji."

Tukachukua mpya. Inafanya kazi vizuri, nisiwe mwongo. Kitabu cha hesabu nimekimaliza bila kupoteza ukurasa. Prosesa ya kaka, ndogo kama biskuti, nimekuwekea kabatini.

Lakini jana umeme ulikatika, na uliporudi nyumba nzima ikatulia. Friji ilinguruma, basi. Mama akaja mlangoni akiwa na unga mikononi.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "iwashe wewe."

Nikaketi, nikaiwasha. Akaja akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi tu karibu na sikio langu. Sikugeuka kuhakikisha kama ni yake.

Ukipata ruhusa kazini, njoo, hata kwa siku chache.

Msalimie sana wifi yangu, na wanangu wawili uwabusu mmoja mmoja wasigombane. Mjomba na shangazi wanakusalimu. Mama anasema Mungu akufunike ulalapo na akutangulie uamkapo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ukiwa mbali kama ukiwa karibu.