Upande wa Ridha kwenye Kompyuta

Jadida, Wete, 6 Januari 2025

Mwanangu Ridha,

Assalaam alaykum. Sie wazima, hofu ni kwako huko Maskati.

Siku uliyosafiri sikufagia chumba chako mpaka uliposema umefika. Nikafagia, na ufagio ukinoga haushikiki: nikafuta na ule upande wako wa kompyuta, hiyo Linux uliyoiweka kando ya Windows, nipate nafasi. Sasa nikiwasha, kioo cheusi na maneno "grub rescue". Fundi wa Chake asema dawa ni kufuta yote. Na humo ndimo ilimo michoro ya kofia ya marehemu mamaako. Karatasi zenyewe ulizozipiga picha zililiwa na mchwa. Kofia yako ya harusi nitaishona kwa kutazama nini? Roho haitulii.

Mamaako mdogo, Mwatum

Maskati, 7 Januari 2025

Mama mdogo, shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Mashine usimpe mtu. Windows ipo na michoro imo. GRUB ndiyo ilikuwa bawabu wa kuifungulia Windows mlango, na bawabu alikaa upande wangu. Tunaweka mwengine. Mwombe Khatib wa stationari flashi ya Windows, uwashie hiyo. Ukiona Install, mkono mbali, ndiyo inayofuta. Bonyeza Repair, chini kushoto, ufungue Command Prompt, uandike: bootrec /fixmbr. Kisha Enter, utoe flashi, uwashe.

Naogopa pia. Sina kitu kingine alichokichora mama kwa mkono wake.

Mwanao, Ridha

Jadida, 10 Januari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi, na afya zetu leo zimezidi.

Mara ya kwanza niliandika boot mbali na rec, ikanikatalia. Nikapiga bismillahi, nikaziunganisha, ikakubali. Kuwasha, Windows hiyo. Michoro yote imo, hata ule alioanza ukiwa mchanga. Nilipiga vigelegele mpaka jirani Asya akaja kuuliza nani kazaa. Fundi nimempigia kumwambia mgonjwa aliyetaka kumzika anakula.

Sindano ninayo mkononi. Usinisumbue na simu.

Mamaako mdogo

Maskati, 18 Mei 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Sie wazima, sasa tuko wawili. Haroub uliyemtuma alifika na kofia, na ndoa ikafungwa jana baada ya alasiri. Mkwe wangu aliishika, akaigeuzageuza, akauliza nani kaishona.

Nikamwambia, mama zangu wawili.

Mwanao, Ridha