Kwako Uliyeniachia Goti

Ndugu yangu,

Sijui kama ulikuwa mkubwa kwangu au mdogo, kwa hiyo naanza na shikamoo; kama ulikuwa mdogo, ichukue tu. Jina lako sikuambiwa. Madaktari kule India walisema umefariki, na kwamba ulikubali viungo vyako viwasaidie wengine. Wakachukua gegedu lako, kile kipande laini kinachozuia mifupa ya goti isisagane, wakakiweka pale langu lilipochanika nikicheza netiboli na walimu wenzangu.

Tangu nirudi Mwanza naishi kama niko nusu usingizini. Asubuhi nakaa barazani hapa Nyegezi, naangalia ziwa likitoka kwenye ukungu, na goti lina joto lake peke yake. Naota ngazi nyeupe, ndefu, ambazo sijawahi kuziona. Nikiamka nakuuliza ni za wapi.

Ila kukunja goti nilishindwa. Kidonda kilipona, magongo nikayaacha, daktari akaruhusu, na bado nilitembea mguu umenyooka kama mwiko. Dada wa mazoezi ya viungo akanitania: "Mwalimu, unalitunza kama sahani za wageni." Kisha akaacha utani, akaniambia lisipokunjwa sasa litakakamaa moja kwa moja. Nililia. Niliogopa kukuumiza. Mtu ameshakufa, nimuue tena kwa kuchuchumaa?

Jumamosi moja nikavuka kwa kivuko kwenda Sengerema kwa mama mkwe. Injini ilinguruma chini ya nyayo, goti likatetemeka, nikahisi tunasafiri wawili. Mama alisikiliza habari zako zote, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Alililiwa?" Nikasema sijui. "Basi yuko kwetu bila msiba," akasema, akaingia ndani kuchukua mkeka.

Majirani walikuja. Hakuna aliyecheka. Mmoja alileta unga, mwingine akawasha moto uani. Walipouliza marehemu ni nani, mama alijibu, "Ndugu yake mkwe wangu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, natafuta kiti. "Mfiwa hakai kwenye kiti," akaniambia. Akina mama wakanishika mikono, wakaanza kulia, nami nikalia, kwa ajili yako, na kwa ajili ya mama yako nisiyemjua. Nilipokumbuka goti, nilikuwa nimeshakaa mkekani. Limekunjwa. Halikuuma.

Sasa nakuaga, maana siku ulipoingia kwangu nilikuwa nimelala kwa dawa, sikusema hata asante. Asante. Pumzika. Naahidi kukutumia: nitachuchumaa kufua, nitapiga magoti nikisali na nikimwamkia mama, nitapanda vilima vya huku mpaka uvizoee.

Mama anauliza tuanue matanga lini. Nimemwambia asubiri, kwanza nikutembeze.

Nduguyo,
Kabula