Cheti Nyuma ya Droo

Mwenzangu, nimekamata mwizi. Humu humu ndani. Ni shangazi!

Unaujua mji nilikopata kazi, ndio ule wa kwenye tamthilia yake ya wapelelezi, kila wiki lazima maiti iokotwe kwenye lifti. Tangu barua ya kazi kutoka maabara ya meno ifike, wimbo wake ni mmoja: "Huko watu wanachinjana, mwanangu. Nimeona kwa macho yangu." Umeona wapi, shangazi? Kwenye kochi!

Sasa leo nafungasha, cheti changu cha ufundi wa meno bandia hakipo. Bila cheti chenyewe, hawanipokei. Nimepekua nyumba nzima huku nalia, na yeye ananisaidia kutafuta. Ananisaidia kutafuta, wewe! Eti, "Labda Mungu hapendi uende."

Hapo ndipo nikashtuka. Ile tamthilia nimeitazama naye mwanzo mwisho. Muuaji alificha kisu wapi? Nikachomoa droo ya chini ya kabati la televisheni, nikaigeuza. Cheti kimebandikwa nyuma yake kwa selotepu, vilevile kama kile kisu!

Bila hata haya ananiuliza, "Umejuaje?"

Nikamwambia, "Shangazi, maisha yangu yote nimeibiwa mara moja tu. Leo. Sebuleni kwetu."

Amenuna. Anune! Jumatatu naondoka. Mpaka siku hiyo cheti nakilalia. Nikifika huko kwa wauaji ndipo nitakiacha mezani.