Plastiki Mbili na Sahani ya Mgeni

Mtaa wa Kolegialna,
Płock, Polandi.
Desemba 3.

Kaka yangu mpendwa Ziemowit,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. U hali gani huko Chile? Mgongo umetulia? Wifi Pilar na Tadeo hawajambo? Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kimya mno tangu Mama atutoke, hadi friji ikinguruma nashukuru.

Kazini tumefanikiwa, na itabidi unisikilize kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Wakulima walilalamika kwamba kreti zetu za matufaha zinapasuka kwenye theluji. Plastiki yetu ngumu hubeba mzigo vizuri lakini haiwezi baridi. Nyingine ni laini, baridi haiisumbui, ila ukiipakia inabonyea. Nikaambiwa nizichanganye.

Zilikataa katakata! Tuliziyeyusha pamoja, zikatoka mashineni zinabanduka tabaka tabaka kama kitunguu. Msimamizi wetu, Bwana Kleofas, akanicheka mbele ya watu: "Bogumiła, dada yangu, unaozesha wasiotakana! Watafutie mshenga basi!"

Alitania, kumbe kasema kweli. Tulitia kidogo plastiki ya tatu, ambayo upande mmoja hushikana na hii na upande wa pili na ile. Nikagandisha kipande, nikakigonga nyundo kwa nguvu zangu zote. Nyundo ikaruka, kipande kizima! Watu wakapiga makofi. Nilifika nyumbani nimejaa furaha, nikavua viatu, nikakosa wa kumpa.

Mama ndiye aliyekuwa akituunganisha. Alikuwa akikupigia, kisha ananisukumia simu nizungumze. Hatujagombana, kaka, ila siku hizi tunaandikiana sikukuu kwa sikukuu.

Mkesha wa Krismasi uliopita niliandaa meza peke yangu: sahani yangu, na ile tupu ya mgeni asiyetarajiwa, kama Mama alivyotuzoesha. Mara mlango ukabishwa. Nilijua ni wewe. Nikakimbia na ule mkate mwembamba wa kumegeana mkononi. Alikuwa Baba Krismasi wa kukodi, ndevu zimemwenda upande.

"Bibie, watoto wako wapi?"

"Hapa hakuna watoto."

"Lo, samahani, nimekosea ghorofa!"

Akapanda ngazi mbio kabla sijamkaribisha. Nililia, kaka.

Njoo mwaka huu. Njoo na wifi na Tadeo, supu ya bitiruti haitatupungukia. Kama haiwezekani, niandikie hivyo hivyo, nitavumilia. Kinachoniumiza ni kusikilizia mlango.

Msalimie sana wifi, na Tadeo umwambie shangazi yake anamtunzia kitelezi cha theluji cha baba yake. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Humu ndani nimetia nusu ya ule mkate mwembamba wa mkesha, kama tunavyowatumia ndugu walio mbali ili waule mezani kwao. Wewe usiule huko. Nusu yangu ninayo, uje nao.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Bogumiła